Siku Niliyomficha Mama Mkumbo

Jumatano, saa kumi alasiri. Upepo wa Singida leo una hasira. Unachota vumbi la barabarani na kulimwaga mpaka juu ya kaunta. Nimefunga mlango mmoja wa duka, nimekaa nyuma ya madumu ya mafuta na simu iko mkononi. Wateja wawili wamechungulia, wakaendelea na safari zao. Sikuwaita.

Mnaonisoma mnakumbuka nilichoweka hapa Jumamosi. Picha yangu, nimevaa kitenge cha njano, nimeshika cheti cha maonesho ya bidhaa za mkoa, nyuma yangu zimepangwa chupa zetu za mafuta ya alizeti. Nikaandika kwamba juhudi zimezaa matunda. Mkanipongeza sana. Mmoja wenu aliandika kuwa wanawake kama mimi ndio fahari ya mkoa wetu.

Hiyo pongezi nimeisoma mara nyingi.

Sikuistahili.

Kikundi chetu kiko Misigiri, huko Iramba nilikozaliwa. Tuko wanawake kumi na wawili. Tunalima alizeti, tunakamua, tunachuja, tunauza. Mimi ndiye katibu. Naishi hapa Utemini, na mafuta ya kikundi yakifika mjini yanauzwa katika hiki kiduka changu. Najua kuandika barua, najua kutengeneza lebo, najua kukaa na maofisa nikaongea wakanisikiliza. Basi watu wa mjini wakikiita "kikundi cha Neema", kwa jina langu, huwa nacheka tu. Siwasahihishi.

Lakini kikundi hakikuanza na Neema. Kilianza uani kwa Mama Mkumbo, mimi nikiwa bado nasoma. Alikuwa na mashine moja ya mkono, kuukuu, akiwakamulia majirani. Mashine hiyo ndiyo iliyomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alifunga kitambaa, akapona, akarudi kukamua. Yote tunayoyajua alitufundisha yeye. Mbegu usiikamue mpaka ukiing'ata ipasuke kwa mlio. Mafuta yakitoka mashineni yasichujwe siku hiyohiyo. Yafunikwe kwa shuka safi, yatulie siku tatu. Ukiharakisha, yanakwaruza koo. Mafuta yetu yanasifiwa kwa kutokuwa na harufu, na sababu ni huyo mama na zile siku tatu zake.

Mama yangu mzazi alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Mama Mkumbo alihamia kwetu mwezi mzima. Nilikuwa nikiamka nakuta uji uko mezani umefunikwa kisahani, na yeye ameshakwenda shambani.

Huyo ndiye mtu niliyemficha.

Nitasema na sababu yangu, ingawa sasa hivi hata mimi inanichefua. Mama Mkumbo ana sauti kubwa. Anachanganya Kiswahili na Kinyiramba, na akikasirika Kiswahili kinaisha kabisa. Mwaka jana, kwenye maonesho haya haya ya bidhaa za mkoa, afisa mmoja alisimama mbele ya meza yetu akawaambia wageni kwamba kikundi hiki ni zao la semina za ofisi yao. Mama Mkumbo akadakia palepale.

"Semina gani, baba? Ile mliyokuja mkala kuku wangu mkaondoka?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yule afisa hakucheka. Vikundi vya kwenda kuuwakilisha mkoa kwenye maonesho makubwa vilipotajwa, chetu hakikuwemo. Hakuna aliyetuambia sababu ni hiyo. Mimi niliamua mwenyewe kwamba ndiyo hiyo, na nikaapa haitatokea tena.

Mwaka huu mgeni rasmi alipangwa kukagua meza Jumamosi, na siku hiyohiyo maonesho yafungwe. Halima na Veronika, wenzangu wa kikundini, walikuja mjini Alhamisi kunisaidia kupanga. Kabla ya hapo, siku ya Jumatano, Mama Mkumbo alinipigia.

"Mgeni anakuja lini, mwanangu?"

Nikajibu bila hata kupumua. "Jumapili, mama. Wewe njoo Jumapili asubuhi, usihangaike na siku nyingine."

"Haya. Nitavaa vizuri."

Nilikata simu, nikajiambia nimefanya kwa faida ya wote. Nikarudia maneno hayo mpaka jioni.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulipendeza, lazima niseme. Kulikuwa na vitunguu vimesukwa kama nywele, kuku wa kienyeji kwenye matenga, vikapu, chumvi, viatu vya ngozi. Meza iliyopakana na yetu ilikuwa ya Bwana Saidi, muuza asali kutoka Itigi, mtu mpole anayeonjesha asali kwa vijiti alivyochonga mwenyewe. Alikuwepo mwaka jana pia. Akaangalia huku na huku, akaniuliza, "Yule mama yenu mwenye maneno yuko wapi leo?"

"Anaumwa," nikasema.

Halima alikuwa ameinama palepale anafuta chupa. Alisikia. Aliendelea kufuta.

Siku nzima hakuna mtu mwingine aliyemuulizia. Ni Bwana Saidi peke yake.

Mgeni rasmi alikuja saa sita, mzee wa miwani asiye na haraka. Alichovya kipande cha mkate kwenye mafuta, akatafuna, akanitazama. "Mbona hayana harufu? Mnaweka dawa gani?"

Basi nikaanza. Mbegu unaing'ata, nikasema, isikie inavyopasuka. Mafuta yana usingizi wake, ukiyaamsha mapema yanakuja na hasira. Hayo ni maneno ya Mama Mkumbo, neno kwa neno. Nilinyanyua hata kidole kama anavyonyanyua yeye. Mzee akacheka, akapiga makofi, na waliomfuata wote wakapiga.

Akaja binti wa redio na kipaza sauti chake. "Dada, wewe ndiye mwanzilishi wa kikundi?"

Swali lilikuwa jepesi. Palikuwa na nafasi ya kutosha kutaja jina moja.

"Ndiyo," nikasema. "Nilianza na wenzangu wachache, kwa shida sana."

Kwa shida sana! Shida gani niliyoijua mimi? Vidole vyangu vyote kumi vipo.

Tukapewa cheti. Tukachaguliwa kwenda kuuwakilisha mkoa. Halima na Veronika walinikumbatia, tukapiga picha, na mnajua yaliyobaki kwa sababu niliyaandika hapa mwenyewe.

Jumapili niliamka nimekwisha kutunga uongo wa pili. Nilikwenda uwanjani kuchukua meza na chupa zilizobaki. Wafanyakazi walikuwa wanang'oa mahema, karatasi zinarushwa na upepo. Saa tatu nikamwona anaingia getini.

Alikuwa amevaa vizuri kama alivyoahidi. Kitenge kipya cha zambarau na kilemba cha kitambaa hichohicho, viatu vya kanisani, mfuko mkubwa begani. Alitembea katikati ya yale mahema yaliyolala chini kama mtu anayeingia ukumbini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanabomoa?"

"Walibadilisha ratiba ghafla. Nilikupigia sana jana, hukupatikana."

Akanitazama. Mimi nikainama nikaanza kufunga boksi ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Bwana Saidi naye alikuwa anapakia ndoo zake. Alipomwona akaacha kazi, akaja na mikono miwili mbele. "Shikamoo, mama! Pole sana na kuumwa. Binti yako alituambia."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Mkumbo aligeuza shingo taratibu, akaniangalia, kisha akamgeukia tena yule bwana.

"Marahaba. Ni homa kidogo tu. Nimepona, ahsante."

Alinistiri. Mbele ya mgeni, bila kuombwa, alinistiri.

Bwana Saidi alipoondoka, Mama Mkumbo akauliza, "Mgeni rasmi alisimama wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka mfuko chini, akarekebisha kilemba, akasimama nyuma ya ile meza tupu. Akakohoa.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi, na ndugu wananchi, hamjambo. Naitwa Raheli Mkumbo, natoka Misigiri. Mimi sikusoma sana. Nilisomeshwa na hii." Akanyanyua mkono wa kushoto, vile vidole vifupi vikaonekana na watu wote waliokuwepo, yaani mimi na wabomoa mahema. "Mashine ilinifundisha kwamba kazi ya haraka inakula mtu. Kwa hiyo mafuta yetu hatuyaharakishi. Ukiyapeleka kwa watoto wako, ujue hakuna aliyekimbizwa ili uyapate. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Karibuni Misigiri."

Aliongea Kiswahili kilichonyooka mwanzo hadi mwisho. Hakupiga kelele, hakumsema mtu. Baadaye nilijua kwamba mjukuu wake Suzi alimwandikia maneno yale kwenye karatasi ya daftari, na kwa kuwa macho hayasomi vizuri, aliyashika kwa kichwa, akiyarudia wiki nzima huku anapepeta mbegu.

Mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba nguzo ya hema aliishusha, akapiga makofi. Wenzake nao wakapiga.

Mama Mkumbo akachukua mfuko wake. Ndani alikuwa na chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Tulikaa juu ya maboksi tukala. Hakuniuliza tena habari za ratiba. Aliniuliza kama nimelala vizuri, kama duka linakwenda. Mchana nikamsindikiza stendi. Nilimkabidhi cheti aende nacho, kana kwamba karatasi ile ingesawazisha mambo. Alikipokea, akakiweka mfukoni pamoja na maganda ya viazi.

Jumatatu sikufungua duka. Nilipanda gari la asubuhi kwenda Misigiri, na njia nzima nilikuwa nachagua maneno. Nilimkuta uani anasambaza alizeti kwenye turubai kwa fagio la chelewa. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kusambaza. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Siku niliyomdanganya, sababu yake, jibu nililompa binti wa redio, na lile neno la kuumwa.

Nilipomaliza alikuwa amefika mwisho wa turubai. Akageuka.

"Nilijua tangu Jumamosi saa tisa. Suzi alinionyesha picha yako kwenye simu."

Sikuelewa. "Sasa mbona ulikuja Jumapili?"

"Nilikuja kukupa nafasi. Nikasema, huyu mtoto akiniona uso kwa uso ataniambia. Ukasema simu haikupatikana." Akajigonga kifuani, mahali anapoweka simu. "Ilikuwa humu siku nzima. Haikulia."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, na nashukuru kwamba hakunibembeleza.

"Nijibu," akasema. "Ulinionea aibu kwa nini? Mdomo?"

"Mdomo, mama."

"Na mkono?"

Nilitaka kusema hapana. Nilifungua kinywa kabisa niseme hapana. Lakini niliikumbuka meza ya mwaka jana, jinsi nilivyokuwa namkabidhi vitu vya kushika ili ule mkono usionekane kwenye picha.

"Na mkono," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. Akachukua fagio. "Jumatano njoo kikundini. Utawaambia mwenyewe. Mimi nitakuwepo, ila sitakusaidia."

Ndiyo leo hiyo. Nimetoka huko mchana.

Tulikaa kwenye kibanda cha mashine, wote kumi na wawili. Mama Mkumbo alikaa pembeni, anachambua mawe kwenye ungo. Nilisimama nikasema. Nilijaribu kusema bila kujipamba. Mara moja nilianza kueleza kuhusu afisa wa mwaka jana, nikajisikia najitetea, nikaacha. Nikakaa. Ungo tu ndio uliokuwa unasikika.

Nilitegemea matusi. Nilishajiandaa nayo, na sehemu yangu moja ilikuwa inayasubiri kwa hamu, maana mtu akishatukanwa anajisikia kama amelipa.

Halima ndiye aliyeanza. "Tusijifanye," akasema. "Mimi nilikuwepo Jumamosi. Nilimsikia akisema Mama Mkumbo anaumwa, na mimi Alhamisi nilimwacha hapa anapepeta, mzima wa afya. Nikanyamaza. Nilifurahi. Nikasema moyoni, afadhali, leo mambo yataenda vizuri." Akageuka kwa wengine. "Nani kati yetu aliyeuliza yuko wapi? Veronika, uliuliza?"

Veronika akatazama miguu yake. "Sikuuliza."

"Picha zilikuja kwenye simu zenu. Nani aliuliza mbona hayumo?"

Mmoja akageuza simu yake kifudifudi.

Sijui kama mnaweza kunielewa hapa. Kwa dakika moja nilijisikia nafuu, kwamba sikuwa peke yangu. Halafu nikamwangalia Mama Mkumbo, nikaona kwamba kila mtu aliyekuwa ananipunguzia mzigo mimi, alikuwa anamwongezea yeye. Alikuja pale akijua ana binti mmoja aliyemwonea aibu. Sasa alikuwa amewajua kumi na mmoja.

Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

Kisha akainuka, akaweka ungo chini kwa uangalifu.

"Kwenye hayo maonesho makubwa nendeni nyinyi," akasema. "Mimi nimeshahutubia."

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka, akaziba mdomo.

"Katibu abaki na kalamu yake, kazi yake anaijua. Ila asiniongelee tena. Akiulizwa habari zangu aseme, mwenyewe yuko Misigiri, mkamuulize."

Akatoka kwenda kugeuza mbegu, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na upande wa juu ulikuwa umekauka. Tulibaki tunatazamana. Baadaye Veronika akaenda kumsaidia, akakubaliwa. Nilipokwenda mimi, aliniambia gari la mjini litaniacha.

Halikuwa limekaribia kuondoka. Nilisubiri barabarani karibu saa nzima.

Nilipofika hapa nilimpigia yule binti wa redio. Nikamwambia nilikosea, mwanzilishi si mimi, nataka nirekebishe. Alinisikiliza kwa upole. "Dada, ile ilishapita hewani mara mbili," akasema. "Na wiki hii tuko kwenye habari nyingine. Labda mwakani." Kwa hiyo sauti yangu imeshaingia majumbani mwa watu, jikoni, sokoni, kwenye magari, ikisema kwa shida sana. Haitarudi.

Ndiyo maana naandika hapa, mahali pekee ambapo sihitaji ruhusa ya redio. Ile picha ya Jumamosi sitaifuta. Nimeandika chini yake kwamba aliyeanzisha kikundi, na aliyetufundisha kila kitu kilichomo kwenye zile chupa, ni Raheli Mkumbo wa Misigiri, na kwamba siku ile hakuwepo kwa sababu mimi nilimdanganya. Nikasema na hilo la kwamba mwenyewe yuko, mkamuulize. Hilo la mwisho tu ndilo nililoruhusiwa.

Kuna jambo moja sikuliungama kikundini, wala kwake. Nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika.

Jumapili, alipokuwa amesimama nyuma ya ile meza anaongea, kilichonijia kwanza hakikuwa majuto. Majuto yalichelewa. Kilichotangulia kilikuwa wivu. Niliyasikia maneno yake, nikamwona yule mtu akishusha nguzo, nikajua kwamba mzee wa miwani angemsikiliza yeye na kunisahau mimi kabla hajafika meza ya asali. Nikashukuru, ndiyo, nilishukuru, kwamba uwanja ulikuwa mtupu.

Siku zote hizi nimekuwa nikisema nilimficha kwa hofu kwamba angeongea vibaya. Sasa najiuliza kama niliogopa angeongea vizuri.

Sina jibu ninaloliamini. Kesho kikundi kinakamua, na madumu yanatakiwa kuoshwa kabla mashine haijawashwa. Kwa kawaida katibu haoshi madumu. Nitakwenda na gari la kwanza, nioshe, na akiniambia nirudi mjini, nitarudi, kisha kesho kutwa nitakwenda tena.